Kushika samaki wa tropiki kwenye Minecraft: wacha ndoano, beba ndoo

Ukitaka samaki wa tropiki kwenye Minecraft kitu ya kwanza ni kuweka hiyo ndoano chini. Najua sisi watu wa ziwa tumezoea samaki anatoka kwa ndoano ama kwa wavu, na ukiingia saiba za hapa Kondele, Kisumu, jioni utapata vijana wamekaa kando ya kidimbwi ndani ya gemu wakingoja kiboya kizame, lakini kwa huyu samaki mdogo wa rangi rangi hiyo ni kumaliza bando bure. Kama unabisha angalia hesabu yenyewe.

Kwenye toleo la Java, lile la kompyuta, ukivua bila uchawi wowote juu ya ndoano, katika mivuto 100 karibu 85 ni samaki, 10 ni takataka kama viatu vya ngozi vilivyochakaa, na 5 ni hazina. Sasa katika hao samaki, cod ni asilimia 60, salmon 25, bunju yule wa sumu 13, na huyu wetu wa tropiki ni 2 peke yake. Yaani ukivuta mara mia moja hata wawili hawafiki, na kila mvuto unangoja kati ya sekunde 5 na 30 kabla kitu kiume, na kama umejificha chini ya paa penye hakuna anga juu ya kiboya ndio utangoja zaidi.

Alafu ubaya mkubwa bado sijasema. Yule anayetoka na ndoano ameshakufa. Anaingia kwa mzigo wako kama chakula tu, huwezi kumrudisha majini akaogelea. Na kama chakula hana maana, ukimla anakujazia nusu ya kipaja kimoja kwa mstari wa njaa, kwa tanuru hapikiki, na hata paka anamkataa ju paka wa Minecraft anataka cod mbichi ama salmon mbichi. Ndoano inakupa maiti, ndoo inakupa samaki mzima, na huyo mzima ndiye wa kuweka kwa tangi la kioo nyumbani na ndiye chakula cha aksolotli, yule mnyama wa majini mwenye mashavu ya manyoya ambaye kila mtu anamtaka. Aksolotli ukimpelekea samaki mfu atakuangalia tu.

Kwanza ujue unatafuta nini

Hawa samaki waliingia na ile apdeti ya bahari, Update Aquatic, Julai 2018. Wako na maumbo mawili, dogo na kubwa, kila umbo lina michoro 6, na kila samaki ana rangi ya mwili na rangi ya mchoro, zote zikitoka kwa rangi 16. Piga 2 mara 6 mara 16 mara 16 unapata 3,072. Usishtuke, wengi wao hutawahi kuwaona. Gemu imechagua aina 22 ikazipa majina kamili na hizo ndizo utakutana nazo mara 9 kwa 10: Clownfish wa machungwa na nyeupe, Blue Tang, Moorish Idol, Parrotfish, Red Snapper, Cotton Candy Betta wa pinki na bluu nyepesi, na wengine hivyo. Kuna mmoja anaitwa Cichlid na mwingine Red Cichlid, na hapo mtu wa ufuo wa Dunga hapa Kisumu lazima acheke kidogo ju fulu na ngege wetu ni wa hiyo familia na tunajua wanakaa maji yasiyo na chumvi, sasa gemu imewatupa baharini waogelee na Clownfish. Tuwasamehe.

Hiyo asilimia 10 inayobaki ndio ya bahati nasibu, rangi yoyote na mchoro wowote. Na kuna venye unaweza kuwatambua kwa mbali bila hata kusoma jina. Samaki wa zile aina 22 huzaliwa kwa kundi, mara nyingi wanane wa sura moja, na wanafuatana. Wale wa bahati nasibu hawajiungi na kundi. Kwa hivyo ukiona kamoja kanazunguka peke yake na rangi hujawahi kuona, hako ndiko ka kukimbilia, wale wanane waache watakuwepo tu.

Hatua ya 1: ndoo

Ndoo moja ni vipande vitatu vya chuma ukivipanga kama herufi V kwenye meza ya kutengenezea. Chuma ghafi unachoma kwa tanuru kwanza, hiyo naamini unajua. Usitoke na ndoo moja, hiyo ni kama hujatoka. Beba sita hivi, na kama machimbo yamekubali beba zaidi.

Ndoo tupu 16 zinakaa kwa sloti moja, yaani nafasi moja ya mfuko wako. Ikishajazwa maji kila ndoo inataka sloti yake, na ikiwa na samaki ni vile vile. Kwa hivyo usijaze nyumbani ukabeba maji kilomita nzima, zijaze ukifika, bahari si ina maji? Alafu tengeneza boti yenye sanduku, unachanganya boti na sanduku kwa meza, inakupa sloti 27 zaidi ya mzigo wako na hii iko kwa gemu tangu 2022. Bila hiyo utarudi na ndoo za samaki zimejaa mfuko wote na huna mahali pa kuweka hata kipande cha mkate.

Pumzi yako chini ya maji ni sekunde 15. Kofia ya gamba la kobe inaongeza 10, dawa ya kupumua majini ni bora zaidi na inatengenezwa na bunju, lakini kama ndio unaanza beba milango ya mbao mitatu minne. Mlango ukiuweka chini ya maji unaacha nafasi ya hewa, unaingia hapo unapumua unatoka tena. Inakaa ujinga lakini inafanya kazi.

Hatua ya 2: mahali

Usihangaike na mito wala vidimbwi vya shambani, huko hayuko. Anapatikana sehemu tatu. Bahari ya joto na ile ya vuguvugu, kinamasi cha mikoko, na yale mapango yenye majani chini ya ardhi yanaitwa Lush Caves.

Bahari ya joto utaijua kwa rangi ya maji, ni ya kijani-bluu ile nyepesi ya kung'aa, chini ni mchanga, kuna matumbawe ya rangi na vimatango vidogo vinavyotoa mwanga, na hakuna mwani mrefu kabisa. Ukiona mwani mrefu na maji bado ni mepesi hapo ni vuguvugu, bado wako. Ukiona changarawe chini na maji ya bluu nzito umeingia baridi, geuza boti. Njia rahisi ni kufuata ukanda wa jangwa ama nyika kavu mpaka ufike pwani, kwa sababu joto la bahari kwa kawaida linaenda pamoja na joto la nchi kavu iliyo karibu. Kwenye Java unaweza kubonyeza F3 usome jina la eneo ulipo, na kama umefungulia amri za ujanja andika /locate biome minecraft:warm_ocean ikupe namba za kufuata. Kuna watu watasema huo ni wizi. Mimi naona kama stima yenyewe inapotea ukiwa katikati ya safari, tumia njia ya mkato bila aibu.

Mapango ya majani yana alama juu ya ardhi: mti wa azalea, ule mfupi wenye maua ya pinki kati ya majani. Ukiuona mahali, chini yake kuna pango hilo. Chimba kwa kushuka ngazi, usichimbe moja kwa moja chini ya miguu yako. Uzuri wa pango ni kwamba vidimbwi vyake ni vidogo samaki hana pa kutorokea, na aksolotli pia wako huko huko. Ubaya ni kwamba aksolotli wenyewe wanawinda hao samaki, saa zingine unafika unapata wamebaki wawili. Kama unataka wengi enda baharini, kama unataka wawili watatu wa haraka shuka pango.

Kitu kingine watu hawajui ni kina. Baharini wanazaliwa kutoka usawa wa maji mpaka bloki 13 kwenda chini, yaani kwa Y (namba ya kimo) kati ya 50 na 63, kwa hivyo kupiga mbizi mpaka sakafu ya bahari kuu unajichosha tu. Kwa mapango ya majani kina chochote ni sawa. Alafu samaki wa mwitu hazaliwi karibu sana na wewe, lazima kuwe na bloki 24 hivi kati yenu, na ukimwacha nyuma zaidi ya 64 anafutika. Ukifika kwa matumbawe mazuri upate hakuna kitu usikate tamaa na usianze kuzunguka kama mtu amepoteza funguo. Kaa kwa boti yako umbali wa kama bloki 30, ngoja kidogo, wataanza kujitokeza.

Hatua ya 3: kushika

Hapa ndio watu wanakasirikia, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Jaza ndoo maji. Ndoo tupu haishiki samaki, lazima iwe na maji ndani, na hii ndio sababu ya kwanza ya watu kusema gemu imeharibika. Alafu elekeza ile alama ya katikati ya skrini kwa mwili wa samaki na ubonyeze kitufe cha kulia cha mausi. Ukibonyeza cha kushoto unampiga, na huyu samaki uhai wake ni moyo mmoja na nusu, ngumi tatu kwisha habari yake. Kwa wenye wanacheza na simu, kitendo ni kile kile cha kukama ng'ombe na ndoo, kwa hivyo kama umeshakama ng'ombe mikono yako inajua.

Shida ni kwamba mchezaji akikaribia samaki anatoroka. Kuanzia bloki 8 hivi ameshakuona na anaongeza mwendo, na ukimfuata kwa nyuma mtazunguka bahari nzima na yeye bado yuko mbele kidogo tu, mkono haufiki. Usimfuate kwa nyuma. Tafuta ukuta. Matumbawe yana pembe nyingi, jiweke upande ule wa maji mengi, yeye akiwa kati yako na matumbawe, msukume polepole mpaka aingie kona. Akifika hapo anageuka geuka akitafuta njia, hiyo nukta anageuka ndio ya kubonyeza. Kama hakuna ukuta jenga, bloki tano sita za udongo ziweke kama kizizi kidogo chenye mdomo mmoja. Njia nyingine ni kushuka kutoka juu: lala kwa uso wa maji, ngoja apite chini yako, shuka wima. Mkono wako unafika bloki 3 tu kwa kiumbe kwa hivyo usibonyeze ukiwa mbali, utakosa.

Na ukikosa angalia mkononi. Ndoo ya maji ukibonyeza ukakosa samaki ukagonga mchanga ama tumbawe, gemu inadhani unamwaga, ndoo inakuwa tupu. Sasa samaki anarudi unabonyeza ukimlenga vizuri kabisa na hakuna kitu, kwa sababu mkononi una ndoo tupu. Hapo ndipo vijana wanapiga kibodi. Tazama ile picha ya ndoo chini ya skrini kila baada ya kubonyeza, kama haina bluu bonyeza maji mara moja ijae tena, uko ndani ya bahari haichukui hata sekunde.

Akiingia utaona ndoo imebadilika, kuna kichwa cha samaki kinachungulia juu. Mara ya kwanza kabisa kwenye Java gemu inakupa na tuzo inaitwa Tactical Fishing. Weka mausi juu ya ndoo kwa mfuko wako usome maandishi. Kama ni mmoja wa wale 22 utaona jina lake, kama Clownfish. Kama ni wa bahati nasibu utaona jina la mchoro na rangi zake mbili, kwa mfano Dasher ama Kob ama Betty na rangi chini yake. Huyo usimrudishe. Wapenzi wa kukusanya wanaweka ndoo hizi kwa sanduku kama vile watu wanaweka stempu.

Bunju nao wako kwa maji hayo hayo na ukiwakaribia sana wanafura na kukutia sumu. Ukiona kitu cha njano kinaanza kuwa mviringo rudi nyuma.

Hatua ya 4: kurudi nyumbani

Samaki akiwa ndani ya ndoo hafi, hazeeki, hana haraka, unaweza kumweka sandukuni mwaka mzima. Usijaribu kumpandisha boti bila ndoo wala kumfunga kamba, haiwezekani. Kama unataka kumpa jina mfanyie kwa fuawe akiwa bado ndani ya ndoo, unaandika jina kwa ndoo na ukimwaga samaki anabaki nalo.

Kwa wale wa Java wanaocheza peke yao, bonyeza Esc kabla hujaanza kumwaga samaki. Ukisimamisha gemu hivyo dunia inajisevu yenyewe. Mtaa wetu stima inaweza kwenda bila hodi, na kama laptopu yako betri yake imekufa kama za wengi, bila kusevu utapata umerudishwa pale ulikuwa kabla ya kushika Moorish Idol.

Hatua ya 5: tangi

Hii ni fupi. Jenga sanduku la kioo, chini weka mchanga, jaza maji. Hakikisha ni maji yaliyotulia kila mahali na si yanayotiririka, maana mkondo unawasukuma samaki wote kona moja na inaonekana vibaya. Kama tangi ni refu kwenda juu kuna ujanja, mwaga maji juu yateremke, alafu panda mwani kutoka chini mpaka juu ndani ya hayo maji yanayoshuka, kila penye mwani umepita maji yanatulia, ukimaliza ung'oe. Vile vimatango vya baharini vinatoa mwanga mzuri usiku. Matumbawe hai huwezi kuchukua bila chombo chenye uchawi wa Silk Touch, na ukiyaacha nje ya maji yanageuka kijivu.

Mwaga samaki kwa kubonyeza kulia ndani ya maji. Samaki aliyetoka kwa ndoo hafutiki hata ukienda mbali, hiyo ndio tofauti yake na wa mwitu, ukirudi baada ya wiki utampata. Lakini hawazaani. Watu wanauliza hii kila siku: weka Clownfish wawili, weka ishirini, hakuna mtoto utapata. Ukitaka zaidi rudi baharini.

Hatua ya 6: aksolotli

Aksolotli waliingia Juni 2021 na wanakaa kwa maji ya mapango ya majani penye udongo wa mfinyanzi uko chini. Wanashikwa kwa ndoo ya maji vile vile kama samaki. Wanakuja kwa rangi ya pinki, kahawia, dhahabu na ile nyeupe yenye samawati, na kuna wa bluu ambaye nitamfikia.

Kabla ya yote: usiwaweke tangi moja na samaki wako. Aksolotli kwa tangi la samaki ni mbuta (sangara) ndani ya Ziwa Victoria. Mbuta aliletwa miaka ya 1950, akazidi miaka ya 1980, na aina nyingi za fulu zikapotea, muulize mzee yeyote wa ufuoni. Hapa ni hivyo hivyo lakini kwa dakika. Anawinda samaki wa tropiki, cod, salmon, bunju, hata ngisi, akimaliza mmoja anapumzika kidogo anarudi. Tengeneza matangi mawili na ukuta kati.

Sasa kuwazalisha. Unataka aksolotli wawili wakubwa na ndoo mbili za samaki hai wa tropiki. Cod kwa ndoo hapana, salmon kwa ndoo hapana. Shika ndoo mkononi, mlenge wa kwanza, bonyeza kulia. Mioyo inatoka juu yake na samaki ameliwa. Hapo simama uangalie mkono wako kwanza, usibonyeze tena. Ile ndoo haijapotea, imegeuka ndoo ya maji tu, na ndoo ya maji ndiyo inashika aksolotli. Mtu mwenye haraka anabonyeza mara ya pili anashangaa mpenzi mmoja ameingia ndooni na yule mwingine amebaki na mioyo yake hewani. Hamia sloti nyingine yenye ndoo ya samaki kabla hujamgusa wa pili. Napenda kupanga ndoo za samaki sloti za mwisho kulia, kwa hivyo mkono unajua ni wapi pa kukimbilia.

Wa pili akila wanakaribiana na mtoto anatokea, amechukua rangi ya mmoja wa wazazi. Wazazi wanapumzika dakika 5 kabla ya kukubali tena. Ukiwabonyeza kabla hiyo muda haijaisha, ndoo inaweza kumwaga samaki hapo hapo majini na wakimrukia umepoteza samaki bila mtoto. Weka saa ya simu kando. Mtoto anakua kwa dakika 20, unaweza kumharakisha kwa kumlisha, kila mlo unapunguza asilimia 10 ya muda uliobaki, lakini kwa maoni yangu hiyo ni kuharibu samaki mzuri, muache akue taratibu ukifanya mambo mengine.

Na huyo wa bluu. Huwezi kumpata porini kwenye Java. Anatokea tu wakati wa kuzalisha na nafasi yake ni moja kwa 1,200 kila mtoto anapozaliwa, haijalishi wazazi ni rangi gani. Kila jaribio linakula samaki wawili. Fanya hesabu mwenyewe utaona kwa nini nilisema ubebe ndoo nyingi, na kwa nini wanaomtafuta kwa kweli wanahamia kabisa karibu na bahari ya joto, wanajenga nyumba juu ya maji, tangi la aksolotli linakaa hapo hapo chini ya sakafu. Kuleta samaki kutoka mbali kwa boti kila mara utachoka kabla hujamwona.

Waliobaki wafu

Kama umeshavua na ndoano kabla ya kusoma hii na una samaki wa tropiki wafu wamejaa sanduku, usiwatupe. Tafuta mvuvi kwa kijiji, ama tengeneza mmoja kwa kumwekea pipa karibu mtu asiye na kazi. Mwanzo atanunua uzi 20 kwa zumaridi moja (hiyo ndio pesa ya kijiji), ama makaa 10, akipanda ngazi atanunua cod, akifika ngazi ya nne ya Expert ndipo anaweza kukubali samaki wa tropiki, 6 kwa zumaridi moja. Hao ni wale wa chakula, ndoo yenye samaki hai hataki hata kuiangalia. Na ukisikia yule mchuuzi anayetembea na lama wawili amefika karibu na nyumba yako mkimbilie uone bidhaa zake, saa zingine anauza samaki wa tropiki hai ndani ya ndoo, na kama huna bahari ya joto karibu hizo zumaridi za mvuvi zinarudi hapo.